Kibodi ya Corne kwa mchapaji wa Kiswahili: hamishia A kwenye gumba

Corne ni kibodi iliyogawanywa vipande viwili, mkono mmoja kipande kimoja, kwa kawaida yenye vitufe 42 tu. Kila upande una safu sita za vitufe vitatu vitatu, na chini yake vitufe vitatu vya gumba. Haina mstari wa tarakimu wala F1 hadi F12, na mishale haionekani popote. Mchoro wake umewekwa hadharani, kwa hiyo viwanda na maduka mengi hutengeneza na kuiuza, nyingine ikiwa tayari, nyingine ikiwa vipande vya kujiungia.

Kwa mtu anayechapa Kiswahili kutwa nzima (karani wa steshenari, katibu muhtasi, mfasiri, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, Mwanza, anayemalizia tasnifu) naipa alama ya juu kuliko kibodi zote za bei yake. Nina sharti moja: usiitumie na mpangilio wa herufi unaokuja nao. Kuigawa kibodi kunasaidia mabega na vifundo vya mikono. Vidole vitapona pale tu utakapohamisha herufi, na Kiswahili kina sababu zake chenyewe za kuzihamisha.

Chukua sentensi ya kawaida ya ofisini: "Wananchi wanatakiwa kuwasilisha nakala za vitambulisho." Ina herufi 49, na 13 kati yake ni A. Kwenye mpangilio wa QWERTY, yaani ule wa kibodi za kawaida, A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kidole hicho hicho ndicho kinachobonyeza Z, kwa hiyo kila "za" kinashuka na kupanda peke yake, na bado kinashikilia Shift. Mchapaji akilalamika kuwa ubavu wa mkono wa kushoto unawaka jioni, usitafute mbali.

Mkono wa kulia nao una balaa lake. Kidole cha shahada cha kulia kinabeba herufi sita: Y, U, H, J, N na M. Kwa Kiingereza mzigo huo unavumilika. Kwa Kiswahili hizo ndizo herufi zinazofuatana kila mara. Chapa "nyumba": herufi nne za kwanza zote ni za kidole kimoja. "Muhuri" ni hivyo hivyo. "Kumhujumu" ndilo neno baya kuliko yote, kwa sababu baada ya K herufi nane zilizobaki zote zinaangukia kidole hicho kimoja. Ongeza na "ki", ambayo K na I zote ni za kidole cha kati cha kulia, na "lo", ambayo L na O zote ni za kidole cha pete. Kidole kimoja kikilazimika kubonyeza herufi mbili mfululizo, mwendo unakatika na mshipa unavutika. Hapo ndipo kasi inapopotea, hata kwa mtu mwenye vidole vyepesi.

Wengi wakishagundua hili hukimbilia mipangilio iliyokwisha sifiwa. Dvorak ilisajiliwa Marekani mwaka 1936, Colemak ilitolewa mwaka 2006, na zote mbili zilipimwa kwa maandishi ya Kiingereza. Dvorak imepanga irabu zote mkono wa kushoto, jambo zuri kwa lugha yetu ambayo silabi zake karibu zote huishia na irabu. Lakini imeiacha K huko huko kushoto, kwenye kidole cha shahada pamoja na U, I, P na Y. "Ku" na "ki", ambazo ni nadra kukosekana kwenye sentensi, zinakuwa za kidole kimoja, na "pikipiki" inachapwa herufi zote nane kwa kidole hicho bila kupumzika. Colemak ni afadhali, maana "nyumba" inatawanyika vizuri. Tatizo ni kwamba K, L, M, N na H zote zimewekwa kwenye shahada ya kulia, na sisi tuna mkono, mlango, mnunuzi na mhariri. Isitoshe, zote mbili zimeiacha A pale pale kwenye kidole cha mwisho.

Wazo la kulipa gumba herufi inayotumika kuliko zote si geni. Kibodi za Maltron, zilizobuniwa Uingereza miaka ya 1970 na Lillian Malt na Stephen Hobday, ziliweka E kwenye gumba kwa sababu E ndiyo inayoongoza kwa Kiingereza. Kwetu inayoongoza ni A, tena kwa mbali sana. Corne ina vitufe sita vya gumba, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendekeza badala ya kibodi nyingine zilizopinda lakini zenye mwambaa mmoja mrefu wa nafasi.

Huu hapa mpangilio ninaoupendekeza. Unaanzia kwenye QWERTY ili usipoteze kila ulichokizoea, na bado unachapa Kiingereza cha barua za ofisi bila shida.

Mkono wa kushoto, kuanzia nje kuja ndani (safu ya nje kabisa ya kila upande iache kwanza):
juu: Y W E R T
katikati: M S D K G
chini: / J C V B

Mkono wa kulia, kuanzia ndani kwenda nje:
juu: Q F I ; P
katikati: H N U O L
chini: X ' , . Z

Gumba la kulia: A. Gumba la kushoto: nafasi.

Kila badiliko lina sababu. M imechukua mahali A ilipokuwa kwa sababu M ya Kiswahili hushikana na karibu kila konsonanti (mk, ml, mt, mw, mb, mh), hivyo inahitaji kidole ambacho konsonanti nyingine, ukiiacha Y, hazikitumii. Ndiyo maana Z imeondolewa pale chini: ingebaki, "mzee", "mzigo" na "mzazi" zingekwama. K imekuja chini ya shahada ya kushoto, U imechukua kiti cha K, na F, ambayo Kiswahili hakiitumii sana, imepanda mahali pa U. N imekuja mstari wa katikati. J imehamia kushoto ili "njia" na "njoo" zigawanywe mikono miwili. Y imebadilishana na Q, na kwa Kiswahili hilo halikugharimu chochote. Alama ya ' imeletwa karibu kwa ajili ya ng'ombe na ng'ambo. N inapigwa na kulia, G na kushoto, kisha kidole cha N kinashuka hatua moja.

Kwa nini A ikae kulia, si kushoto? K, M, W, S, T na Y zote ziko kushoto. A ikiwa kulia, "ka", "wa", "ma", "ta" na "ya" zinapigwa kwa mikono kupokezana. Tena maneno yetu mengi huishia na A, na baada yake huja nafasi. Magumba mawili tofauti yanafuatana bila kugombana. Jaribu "Mwanza", "Nyamagana", "dagaa" na "sangara" utaona A inavyotoka yenyewe.

Kasoro zimebaki, na ni vizuri uzijue kabla. "Ui" ya kuingia na kuishi ni kidole kimoja. "De" ya maendeleo pia, na "sw" ya Kiswahili chenyewe. Vilevile "daktari", "Oktoba", "Februari" na "programu" zina konsonanti mbili zinazoangukia shahada ya kushoto, lakini hayo ni maneno ya kukopa na hayaji kila mstari. Unaweza kuendelea kupanga upya hadi usiku wa manane ukitafuta mpangilio usio na kasoro. Mimi ningeishia hapa.

Sasa mipangilio ya magumba, maana wengi huharibu hapa. Corne inakuruhusu kukipa kitufe kimoja kazi mbili: ukikigusa kinatoa herufi, ukikishikilia kinafungua tabaka jingine, yaani seti nyingine ya herufi na alama kwenye vitufe vile vile. Usifanye hivyo kwa A. Kibodi kwa kawaida inasubiri hadi milisekunde 200 kabla ya kuamua kama umegusa au umeshikilia, na A inakuja haraka mno na mara nyingi mbili mbili: saa, taa, kaa, kufaa. Utaona herufi zinachelewa, zinaruka, au tarakimu zinachipuka katikati ya neno. A ipewe kitufe chake yenyewe. Kazi ya kufungua tabaka wape vitufe vya gumba vya pembeni: cha kushoto kifungue tarakimu, cha kulia kifungue alama. Viwili vinavyobaki ni Enter na Ctrl. Shift ikae kwenye safu ya nje ya kushoto, na kitufe cha kufutia kwenye kona ya juu kulia.

Tabaka la tarakimu lipange kama kikokotoo chini ya mkono wa kulia: 7 8 9 juu, 4 5 6 katikati, 1 2 3 chini, na 0 kwenye gumba. Anayeandaa ankara za samaki au orodha za bei ataipenda kuliko mstari mrefu wa juu. Programu ya Vial, ambayo ndiyo ya kupangia vitufe vya kibodi hii, pia inakuruhusu kuhifadhi vifungu ndani ya kitufe kimoja. Weka kimoja kitoe "/=", kingine "S.L.P.", kingine "Kumb. Na.", na barua ya kiserikali itapungua mibonyezo mingi.

Kuhusu kununua. Chagua yenye chipu ya RP2040. Matoleo ya zamani yanatumia kidhibiti cha Pro Micro, ambacho kumbukumbu yake ni KB 32 tu. Ukiweka Vial, taa na kiskrini kwa pamoja, haitoshi. Halafu tundu lake dogo la USB hung'oka mapema likivutwa kwa ubavu. Chagua pia yenye soketi za swichi (kile kifaa kilicho chini ya kila kitufe), ili swichi ikifa uichomoe na kupachika nyingine bila kulehemu.

Ukinunua vipande, hakikisha umepata bodi mbili, vidhibiti viwili, dayodi 42 za 1N4148, soketi 42, swichi 42, vifuniko vya vitufe 42, jeki mbili za mm 3.5 za pini nne na waya wake. Fundi simu mwenye pasi nzuri ya kulehemu ataweza kazi hii. Mwambie mambo mawili. Kwanza, mstari kwenye dayodi ufuate alama ya bodi, maana dayodi iliyogeuzwa huua kitufe chake. Pili, aachane na taa za rangi: vile vipande vya taa huungua upesi kwa joto la pasi, na taa moja ikifa zinazofuata nyuma yake hazipati mawasiliano. Kama hakuna fundi unayemwamini, nunua iliyokwisha lehemewa.

Swichi ziwe laini, za nguvu ya gramu 45 au pungufu. Za kubofya zenye mlio wa "ta ta ta" zinapendeza dukani, ila kwenye chumba cha watu wanne zinakera, na gramu 60 mara maelfu ya mibonyezo ni uchovu wa bure. Vifuniko vitafute vya umbo moja kwa mistari yote, kama DSA au XDA. Vya kawaida vina kimo tofauti kwa kila mstari, kwa hiyo ukihamisha M au O kibodi inakuwa na mabonde. Vile viwili vyenye vinundu vya kupapasia vikae chini ya shahada, yaani kwa K na N.

Kupakia programu ni rahisi. Shikilia kitufe cha BOOT huku ukichomeka USB, na kompyuta itaonyesha diski iitwayo RPI-RP2. Nakili ndani yake faili la .uf2 la Vial la Corne, kisha fanya hivyo hivyo kwa upande wa pili. Upande mmoja ukisahauliwa, nusu ya kibodi itakuwa kimya. Fungua Vial, bofya kitufe kwenye picha, chagua herufi. Kila unachobadilisha kinahifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo ukiihamishia kwenye kompyuta ya ofisi au ya kituo cha intaneti, mpangilio unakwenda nao bila kusakinisha chochote. Angalia tu kompyuta hiyo imewekwa Kiingereza cha Marekani. Ikiwa imewekwa cha Uingereza, @ na alama ya kunukuu zitabadilishana nafasi, na barua pepe zitakusumbua.

Kuna kosa moja linaloua kibodi hizi: kuchomoa au kuchomeka waya unaounganisha pande mbili huku USB ikiwa na umeme. Ncha ya jeki inapopita ndani hugusanisha umeme na ardhi, na chipu inaweza kuungua. Unganisha pande mbili kwanza, USB mwisho. Kuzima, anza na USB.

Mezani, tenganisha pande mbili kwa upana wa mabega, na kila upande ufuate mwelekeo wa mkono wake. Viwiko vikae pembe mraba. Meza nyingi za ofisi zetu ni ndefu kuliko inavyotakiwa, hivyo pandisha kiti na uweke kitu chini ya miguu, badala ya kuinua mabega kutwa. Inua ukingo wa ndani wa kila upande kidogo kidogo, hadi nyuzi kumi hivi, kwa vipande vya mpira. Usilalie kifundo cha mkono unapochapa. Mto wa kuwekea vifundo ni wa kupumzikia kati ya aya na aya. Na kama ganzi ya vidole inakuamsha usiku, nenda hospitali. Kibodi si tiba.

Kujifunza usifanye kwa mkupuo. Anza kwa kuhamisha A peke yake, ukiacha mengine kama QWERTY, na kwenye mahali pa zamani pa A usiweke kitu, ili kidole kikisahau kisipate jibu. Ukizoea, hamisha M na Z. Kisha K, U na F pamoja, kwa kuwa zinazunguka zenyewe. Baadaye N, J na X, mwishoni Y, Q, O, L na alama. Tarajia kasi ishuke kila hatua na ichukue wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo usianze wakati wa msimu wa mitihani au kufunga hesabu za mwaka. Mikato ya Ctrl pamoja na Z na X itakuwa imehama. Iweke kwenye tabaka la alama, upande wa kushoto, mapema.

Kabla hujatoa hela, pima wazo bure. Kwenye Windows sakinisha PowerToys ya Microsoft, fungua sehemu ya kupanga kibodi, na uifanye Alt ya kulia itoe A. Chapa hivyo wiki nzima kwenye kibodi yako ya sasa. Gumba likikataa kabisa, Corne haitakufaa, na kibodi iliyopinda ya kipande kimoja kama Logitech Ergo K860 itakupa nafuu ya vifundo bila kujifunza upya. Utabaki tu na A kwenye kidole cha mwisho na mzigo wa shahada ya kulia.

Kwa kaunta ya steshenari inayotumiwa na watu watatu kwa zamu, siishauri. Mwenzako atashindwa hata kuandika nywila.

Jambo la mwisho ni la kwetu wa kando ya ziwa. Corne nyingi zimejengwa kwa sahani mbili zilizobanwa, ubavu ukiwa wazi. Usiku wadudu wadogo wa ziwani wanapofuata taa huingia humo, na vumbi la kiangazi nalo. Nunua yenye kasha lililofungwa, au ziba ubavu kwa sponji nyembamba. Ifunike kwa kitambaa ukimaliza kazi, na kila baada ya muda vuta vifuniko, pitisha brashi kavu, usipulize kwa mdomo kwa sababu mate ni unyevu. Agiza swichi nne za ziada na waya wa pili wa kuunganisha pande mbili. Waya uwe wa pini nne kweli: ule wa pini tatu wa spika unafanana nao kabisa, unaingia bila kukataa, na kibodi inaweza isifanye kazi upande mmoja.